Ultrasaundi ya kifuko cha nyongo kabla ya upasuaji: inaona nini, inakosa nini (uzi mrefu)

#1 Sonografa_KandaZiwa

Wakuu, habari za jioni.

Nimefungua uzi huu kwa sababu ya mama mmoja niliyempima Jumanne. Ni mtu wa makamo, anauza dagaa, alikuja kwa basi la usiku. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki yenye ripoti 3 za ultrasaundi ya tumbo, zote za ndani ya miaka miwili, na zote zimeandika kuwa kifuko cha nyongo hakina tatizo. Kwa miaka hiyo miwili amemeza omeprazoli mpaka ameichoka na ametibiwa wadudu wa vidonda vya tumbo mara mbili. Kila akila chakula cha mafuta usiku anaamka saa saba ameshika ubavu wa kulia, maumivu yanapanda mpaka kwenye bapa la bega, yanakaa saa mbili tatu, kisha yanaondoka kama hayakuwepo.

Nilipoweka probu, kile kifaa cha mkononi cha ultrasaundi, sikukiona kifuko. Mahali pake palikuwa na mstari mweupe uliopinda kama mwezi mwandamo na nyuma yake giza. Ukiwa na foleni ya watu 40 nje, utasema ni gesi ya utumbo na utaandika "kifuko hakina tatizo" au "hakikuonekana vizuri". Nikamlaza ubavu wa kushoto, nikamwomba avute pumzi aishike. Gesi ingecheza na kubadilika umbo, na kivuli chake huwa kichafu, kina ukungu. Hii haikucheza. Nikasogeza karibu zaidi, nikaona mstari mwembamba wa ukuta, chini yake uzi mweusi wa nyongo, chini yake tena ule mstari mweupe. Kifuko kilikuwepo muda wote. Kilikuwa kimesinyaa na kujaa mawe mpaka nyongo yenyewe imekosa pa kukaa.

Mama yule aliponiuliza, "Sasa mwanangu, hizi karatasi tatu zilikuwa zinasema nini?" sikuwa na jibu la kumridhisha palepale. Naandika hapa kwa ajili ya swali lake.

Kwanza niitetee mashine. Kwa kutafuta mawe ndani ya kifuko cha nyongo, ultrasaundi ndiyo kipimo cha kwanza dunia nzima, na hakuna sababu ya kuona aibu kuanza nayo. Haina mionzi, bei yake inabebeka, na ipo hadi vituo vya afya vingi. Jiwe hurudisha mawimbi ya sauti karibu yote, kwa hiyo linang'aa jeupe na nyuma yake panabaki kivuli cheusi. Mgonjwa akigeuka, jiwe linaporomoka kwenda upande wa chini. Ukiona hayo matatu, weupe, kivuli na kuhama, umemaliza kazi. Kabla ya ultrasaundi watu walimezeshwa vidonge vya dawa ya rangi usiku na kupigwa eksirei asubuhi, njia iliyotokana na ile ya kuchoma dawa hiyo kwa sindano ambayo Graham na Cole waliianzisha huko St. Louis, Marekani, mwaka 1924. Eksirei ya kawaida bila dawa huonyesha mawe 10 hadi 15 tu kati ya 100, yale yenye chokaa ya kutosha.

Sasa kuhusu namba. Vitabu tulivyosomea vinasema ultrasaundi hunasa zaidi ya watu 95 kati ya 100 wenye mawe. Namba hiyo ina shimo ndani yake. Inapatikana kwa kulinganisha ripoti na kilichokutwa kwenye upasuaji. Lakini nani anapelekwa kwenye upasuaji? Ni yule ambaye ultrasaundi imeshasema ana mawe. Yule iliyemkosa anarudishwa nyumbani na dawa za vidonda vya tumbo, hapasuliwi, na kosa lake halihesabiwi popote. Mwaka 1994 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kusahihisha kasoro hiyo, na 97 ikashuka hadi 84. Upande wa pili ukabaki imara: ikisema mawe yapo, karibu kila mara yapo kweli.

Kwa hiyo, wakuu, jibu la "yapo" liamini. Jibu la "hayapo" kwa mtu mwenye maumivu kama ya huyu mama, liulize tena.

Nakaribisha maswali. Mimi si daktari, ni sonografa, yaani mpimaji wa ultrasaundi, nina miaka 11 na probu.

#2 Mzalendo_wa_Nyakato

Nimeweka kigoda hapa mkuu. Endelea.

#3 MamaWawili

Shikamoo kaka. Mimi nilipimwa ultrasaundi ya mimba miezi 5, yule dada akapitisha mashine na juu akasema nina mawe mawili kwenye nyongo, kubwa milimita 14. Sijawahi kuumwa upande huo hata siku moja. Shemeji yangu ananiambia nikishajifungua nikatolewe haraka kabla halijapasuka. Sasa nina miezi 4 tangu nijifungue na sisikii kitu. Nifanyeje?

#4 Sonografa_KandaZiwa

Marahaba dada, na hongera kwa mtoto.

Hii ndiyo aina ya jibu ambalo ultrasaundi inaweza kuwa sahihi kabisa na bado likampeleka mtu mahali asipohitaji kwenda. Watu wengi wana mawe na watakufa uzeeni bila kujua. Kati ya watu 100 wenye mawe yasiyouma, mwaka ukipita ni mmoja hadi wanne tu wanaoanza kupata dalili. Kwa kawaida madaktari wa upasuaji hawamgusi mtu wa namna hiyo, isipokuwa kuna sababu nyingine, kwa mfano ukuta wa kifuko umejenga chokaa au kuna kinyama (polipu) kikubwa ukutani pembeni ya jiwe.

Ujauzito nao una lake. Homoni hulegeza kifuko, nyongo inatuama, tope linajikusanya. Tope hilo, na hata mawe madogo, kwa wengine huondoka lenyewe baada ya kujifungua. La milimita 14 sidhani kama litaondoka, lakini rudia kipimo mara moja, ukiwa hujala, umwambie anayekupima kuwa safari hii unataka aangalie nyongo na mrija wake. Majibu mpelekee daktari wa upasuaji mzungumze. Dalili za kukukimbiza hospitali usiku uleule ni hizi: maumivu makali chini ya mbavu za kulia yanayozidi saa 5 au 6, homa yenye kutetemeka, macho kuwa ya manjano, au mkojo kuwa kama chai ya rangi.

#5 Kisu_na_Uzi

Sonografa, asante kwa uzi. Mimi ni daktari wa upasuaji, naomba niongeze kutoka upande wa meza, maana sisi ndio tunaofungua na kuona kama ripoti ilisema kweli.

Ripoti ikisema "mawe yapo", nikiingia nayakuta. Hapo sina ugomvi na ninyi. Ugomvi uko kwenye maneno mawili: "kimevimba" na "hakijavimba". Nimefungua kifuko kilichoandikwa ukuta ni wa kawaida nikakuta kimeshikana na utumbo, kimefunikwa na mafuta ya tumbo, na kila nikigusa kinavuja damu. Na nimefungua kilichoandikwa "kimevimba vikali" nikakuta cheupe, laini, kinatoka ndani ya dakika 40.

Namba zinaniunga mkono. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa kwa kifuko kilichovimba ghafla, ultrasaundi hunasa wagonjwa 81 kati ya 100, na kati ya watu 100 wasio na tatizo hilo inawatambua 83, wengine 17 inawasingizia. Kipimo cha kuchoma dawa ya mionzi inayofuata njia ya nyongo kinanasa 96. Lakini ni wangapi kati yetu wana kipimo hicho hospitalini kwao? Ndiyo maana miongozo ya Tokyo ya kutambua kifuko kilichovimba, toleo la 2018, haimruhusu daktari kuamua kwa picha peke yake. Inataka dalili za tumboni, inataka homa au damu ionyeshe kuna moto mwilini, kisha picha ije kuthibitisha. Picha yenyewe wanaiangalia hivi: ukuta wa milimita 4 au zaidi, kifuko kirefu kuzidi sentimita 8 au kipana kuzidi 4, jiwe lililokwama, maji kukizunguka, na ile dalili ya Murphy.

Naomba sana wapimaji wasiiache dalili ya Murphy. John Murphy alikuwa daktari wa upasuaji Chicago, alifariki 1916, hakuwahi kuiona ultrasaundi. Yeye alitumia vidole. Ninyi mna probu, mnaona kifuko kilipo hasa. Bonyeza palepale juu yake, mwambie mgonjwa avute pumzi, kisha niandikie kama aliruka au hakuruka. Sentensi hiyo moja inanisaidia kuliko nusu ya ripoti. Na kama alishachomwa sindano kali ya maumivu kabla ya kuja kwako, andika pia, kwa sababu hapo kutoruka kwake hakuna maana.

#6 Sonografa_KandaZiwa

Daktari, hilo nalipokea kwa mikono miwili. Na wewe nikuombe jambo: fomu za maombi. Asilimia kubwa ya fomu zinazonifikia zimeandikwa "ultrasaundi ya tumbo", basi. Hazisemi mgonjwa anaumwa wapi, tangu lini, ana homa au hana. Ukiniandikia "maumivu kulia juu siku 3, homa, damu nyeupe ziko juu, angalia shingo ya kifuko na mrija mkuu wa nyongo", nitakaa na huyo mtu dakika 20.

Shingo ya kifuko naitaja kwa sababu ndipo nilipokosea mimi mwenyewe, mwaka wangu wa pili kazini. Kijana wa bodaboda, nilimpima chali tu, nikaona kifuko kisafi. Baada ya siku nne alirudi na usaha. Jiwe lilikuwa limekwama shingoni, kwenye ile kona inayojikunja nyuma. Chali halionekani, kwa ubavu wa kushoto linajitokeza. Sikumgeuza. Alipona, lakini alikaa wodini wiki tatu, na mimi nilikwenda kumwona kila siku. Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa wa nyongo anayetoka chumbani kwangu bila kugeuzwa.

#7 Tajiri_wa_Kesho

Mimi kwa maelezo haya naona ultrasaundi ni bahati nasibu, inategemea nani kashika. Si bora mtu ajibane alipe CT, ile eksirei ya kompyuta, moja kwa moja amalize?

#8 Sonografa_KandaZiwa

Nakuelewa mkuu, ila kwa mawe ya nyongo utakuwa umelipa zaidi ili uone kidogo zaidi. Mawe mengi yametengenezwa kwa kolesteroli, na kwenye CT uzito wake unafanana na wa nyongo yenyewe, kwa hiyo yanazama humo yasionekane. CT hukosa takriban robo ya mawe. Uzuri wake uko kwingine: kifuko kilichooza au kutoboka, usaha ulioenea, kongosho lililovimba, au shaka ya saratani.

Kwamba inategemea mtu, hilo ni kweli na silifichi. Dawa yake ni kurudia kwa mtu mwingine, ukiwa na njaa, na karatasi za zamani mkononi.

#9 Baba_Neema

Nawasalimu wote. Mwanangu ana selimundu, miaka 12. Mwezi uliopita aliumwa tumbo juu kulia, macho yakazidi manjano. Wodini wakasema ni maumivu yake ya kawaida ya selimundu, wakampa maji na dawa, akatulia. Juzi tena. Macho yake siku zote yana umanjano kidogo kwa hiyo sijui nianzie wapi kutofautisha. Naombeni msaada, nimechoka kubahatisha.

#10 Sonografa_KandaZiwa

Pole sana mzee wangu. Nakujibu kwa kirefu kidogo maana wazazi kama wewe nchini ni wengi mno.

Chembe nyekundu za mtoto mwenye selimundu zinavunjika haraka kuliko za watoto wengine. Mabaki yake ni bilirubini, inakwenda kwenye nyongo kwa wingi, na humo inaganda kuwa mawe madogo meusi. Wengi wanakuwa nayo wanapofika umri wa ujana. Kwa hiyo swali la kwanza, "ana mawe au hana", ultrasaundi italijibu vizuri sana kwake. Watoto ni wembamba, probu inafika karibu, picha inakuwa safi. Kama hajawahi kupimwa, omba apimwe hata siku ambayo haumwi.

Swali la pili ndilo gumu: maumivu ya safari hii ni ya mawe, au ni selimundu kwenye ini au mifupa? Hapo picha haitoshi, na damu nayo inadanganya kwa sababu bilirubini yake huwa juu siku zote. Mwambie daktari atenganishe aina mbili za bilirubini. Ile inayotokana na chembe kuvunjika ndiyo iliyo juu kila siku. Ile nyingine, ambayo ini limeshaichakata, ikipanda ghafla kupita kiwango alichozoea, kuna uwezekano mrija umeziba. Ndiyo maana tunza majibu yake ya siku nzuri, ili siku mbaya wawe na cha kulinganishia. Mpimaji naye aandike upana wa mrija mkuu kwa milimita, asiandike "kawaida" tu.

#11 Kisu_na_Uzi

Baba Neema, naunga hapo. Mtoto wa selimundu mwenye mawe yanayomuuma, sisi tunapendelea kumfanyia upasuaji wa matundu madogo kwa kupanga, akiwa mzima, ameongezewa maji na pengine damu kabla, kuliko kumkimbiza usiku akiwa na homa. Nenda kliniki ya selimundu mkiwa na picha. Usisubiri aumwe mara ya tatu.

Na nieleze habari ya mrija mkuu, kwa sababu ndio unaoniondolea usingizi. Jiwe likitoka kwenye kifuko na kushuka mrijani linaweza kuziba nyongo yote, au likachokoza kongosho. Ultrasaundi huku ni dhaifu. Sehemu ya chini ya mrija inapita nyuma ya utumbo wenye gesi na sauti haipiti. Mapitio ya mwaka 2015 yalipata kwamba hunasa watu 73 tu kati ya 100 wenye mawe ya mrija. Zaidi ya robo wanakoswa. Nikimtoa mgonjwa kifuko nikaacha jiwe mrijani, atarudi kwangu akiwa wa manjano, na kosa litakuwa langu.

Kwa hiyo siishii kwenye "jiwe la mrija halikuonekana". Naangalia upana. Mrija wa mtu mzima wa kawaida haupiti milimita 6 hivi, wazee huongezeka kidogo. Ukiwa 8 au 9 na kifuko bado kipo, na vipimo vya ini vimepanda, namtuma MRI (picha ya sumaku) ya njia za nyongo hata kama picha haina jiwe. Likithibitika, linatolewa kwa kamera inayopitia mdomoni, ile ERCP, kabla au baada ya kuondoa kifuko. Ni hospitali chache zinazoifanya, kwa hiyo kujua mapema ndiko kunakoamua mgonjwa apelekwe wapi.

Kitu kingine ambacho ripoti nzuri inanipa ni tahadhari. Ukuta mnene, kifuko kilichosinyaa, jiwe lililokwama shingoni: nikisoma hayo najua siku hiyo sitapanga wagonjwa watano, nitakuwa na mwenzangu mzoefu mezani, na nitamwambia mgonjwa mapema kuwa naweza kuanza na matundu madogo nikaishia kufungua tumbo. Tangu Erich Mühe wa Böblingen, Ujerumani, aondoe kifuko kwa njia ya matundu mwaka 1985, jeraha tunaloliogopa kupita yote ni kukata mrija mkuu ukidhani ni ule mdogo wa kifuko. Linatokea kwa watu kama 3 hadi 5 kati ya 1,000, na mara nyingi ni kwenye vifuko vya namna hiyo.

#12 Mvuvi_Ukerewe

Habari za kazi. Mimi nimepimwa, ripoti: "ukuta wa kifuko umekuwa mnene, milimita 7, hakuna mawe, kifuko kimevimba". Nimeambiwa nijiandae na upasuaji, nitafute fedha. Kusema ukweli siumwi hapo, nilikwenda kwa sababu tumbo linajaa na nachoka. Nimekulia ziwani, kichocho nimetibiwa utotoni.

#13 Sonografa_KandaZiwa

Kaka yangu, usiuze mtumbwi. Subiri kwanza.

Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote kwa sisi wa kanda hii, na nitausema wazi: ukuta mnene si ugonjwa wa kifuko mpaka kitu kingine kiuunge mkono. Ukuta wa kawaida hauzidi milimita 3. Lakini unanenepa kwa sababu nyingi ambazo hazina uhusiano na mawe. Ini likiwa na makovu, homa ya ini kali, moyo ulioshindwa kusukuma, protini ya damu ikiwa chini, maji tumboni, homa ya dengi, hata mtu aliyekula chapati na supu saa moja iliyopita, kwa sababu kifuko kimejikamua na ukuta umejikunja.

Na kichocho cha tumbo kimo kwenye orodha hiyo. Mayai yake yanajenga makovu kuzunguka mishipa ya ini, na makovu hayo yanafika mpaka ukuta wa kifuko, unakuwa mnene na mweupe. Kuna utaratibu wa kimataifa wa kupima kichocho kwa ultrasaundi, uliokubaliwa Niamey, Niger, na ndani yake ukuta wa kifuko unapimwa kabisa kama sehemu ya ugonjwa huo. Ukimwondoa mtu wa namna hii kifuko, tumbo litaendelea kujaa, maana shida iko kwenye ini na wengu. Tena kumpasua mtu mwenye mishipa ya ini iliyojaa presha ni hatari, anaweza kuvuja damu vibaya.

Umesema siumwi hapo. Mtu mwenye kifuko kilichovimba kweli, nikiligusa eneo hilo na probu atanishika mkono. Kwa hiyo rudi, ukiwa hujala, na uombe haya: ini liangaliwe, wengu upimwe, mshipa mkuu wa ini upimwe upana, waangalie kama kuna maji, na ubonyezwe juu ya kifuko. Damu: vipimo vya ini, homa ya ini B na C, protini. Kama kichocho kipo bado utapewa prazikwanteli. Wakishaona haya yote na bado wakakuambia upasuliwe, sawa, watakuwa na sababu.

#14 Mvuvi_Ukerewe

Nashukuru sana. Nimeyaandika yote kwenye daftari. Naenda wiki hii.

#15 Cherono_Eldoret

Hamjambo nyote. Mimi niko na polipu ya milimita 4 kwa nyongo, waliipata nikifanyiwa checkup ya kazi. Nimeshindwa kulala, naskia ni saratani. Hiyo pia inafaa kutolewa?

#16 Sonografa_KandaZiwa

Hatujambo dada Cherono. Lala. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2022 inasema kinyama cha milimita 5 au chini, kwa mtu asiye na hatari nyingine, hakihitaji hata kurudiwa kupimwa. Cha 6 hadi 9 kinafuatiliwa baada ya miezi 6, mwaka na miaka miwili. Kuanzia 10 ndipo wanashauri kifuko kitolewe. Vingi vya ukubwa wako ni punje za kolesteroli zilizoganda ukutani. Hakikisha tu aliyekupima alikugeuza: kinyama hakihami na hakina kivuli, jiwe linahama na lina kivuli.

#17 Tiba_Asilia_Tu

Kwa nini mnawatisha watu na visu? Mafuta ya zeituni kikombe kimoja, ndimu kikombe kimoja, kunywa usiku ulale kulia. Asubuhi mawe ya kijani yanatoka chooni, mimi mwenyewe nilihesabu 60. Nyongo safi.

#18 Sonografa_KandaZiwa

Ndugu, naamini ulichokiona. Vile vidonge vya kijani vipo kweli. Vimeshachunguzwa maabara na vikakutwa ni sabuni: mafuta na ndimu vikikutana na juisi za tumbo vinaganda hivyo, nyongo inavitia rangi. Ndiyo maana ni laini na huyeyuka kwenye joto.

Mimi nimewapima watu baada ya dozi hiyo. Wa karibuni alikuja na picha ya kabla, mawe manne. Nilimgeuza, nikahesabu pamoja naye kwenye skrini: manne, mahali palepale. Alikuwa amechelewa miezi 8. Tena kikombe kizima cha mafuta kinakifanya kifuko kijikamue kwa nguvu, na jiwe dogo linaweza kusukumwa mrijani likazibia huko. Kama wewe unaamini umepona, njoo au nenda popote, upimwe. Ukikutwa huna mawe na awali ulikuwa na picha inayoyaonyesha, nitaandika hapa kwamba nimekosea.

#19 Nesi_wa_Zamu

Kwa wanaokwenda kupimwa, naomba nisaidie kwa yale ninayoyaona mapokezi. Kaa bila kula kwa muda wa saa 6 hadi 8. Maji matupu si tatizo. Chai ya maziwa ni chakula, wengi wanadhani si chakula. Usivute sigara wala kutafuna bigijii asubuhi hiyo, utameza hewa. Mwenye kisukari anayechoma insulini asikae na njaa kienyeji, aulize kwanza na apangiwe wa kwanza. Na mgonjwa anayelia kwa maumivu hahitaji kusubiri saa 8, apimwe hivyohivyo.

#20 Sonografa_KandaZiwa

Asante sana sista. Na waambieni wasiache picha zao hospitali. Ripoti bila picha haiwezi kusomwa upya na mtu mwingine.

#21 MamaWawili

Kaka, yule mama wa dagaa aliishia wapi?

#22 Sonografa_KandaZiwa

Nilikuwa nasubiri majibu ya mwisho ndiyo niandike. Ameniruhusu mwenyewe niseme.

Mrija wake niliupima milimita 9, jiwe sikuliona. Niliandika hivyohivyo, kwamba sehemu ya chini imefunikwa na gesi. Vipimo vya ini vilikuwa vimepanda, akapelekwa MRI, na jiwe moja likakutwa chini kabisa, pale ambapo probu yangu haikufika. Likatolewa kwa kamera. Siku tano baadaye akaondolewa kifuko. Daktari alianza na matundu madogo akalazimika kufungua, kifuko kilikuwa kimegandana na utumbo. Alikuwa ameshaambiwa hilo mapema, hakushtuka.

Kifuko kilipelekwa patholojia, jambo ambalo kwa kifuko cha namna ile halipaswi kuachwa, kwa sababu ukuta uliosinyaa na mawe ya miaka mingi unaweza kuficha saratani ambayo ultrasaundi haiioni. Majibu yametoka leo mchana: kuvimba kwa muda mrefu, hakuna saratani. Mawe yalihesabiwa 43.

Jioni nimepita wodini na zile ripoti zake tatu. Nimeomba nakala ya picha zilizoambatana nazo, nimezitazama moja moja. Mstari mweupe uliopinda ulikuwepo kwenye zote tatu. Kesho saa mbili asubuhi, kabla hatujaanza foleni, nitaziweka mezani na vijana wetu wa mazoezi kwa vitendo, nimlaze mmoja wao kitandani, niwaonyeshe gesi inavyocheza.